Umempeleka Ilunga Kwenye Mto Usio Wake

Kalala, mdogo wangu wa tumbo moja,

Umekufa Ubelgiji, na hapa Lubumbashi wanacheza. Naanza na hilo usije ukadhani nimekaa kukuandikia kwa sababu ya hamu. Tangu habari ifike, redio inaipiga "Ilunga Rock" asubuhi, inaipiga mchana watu wakila bukari, ugali wetu, inaipiga tena jioni, na majirani zangu wa hapa Bel-Air wanaiimba wakianika nguo, ingawa wengi wao hawakuwa wamezaliwa ulipokuwa ukipiga magoti jukwaani na gitaa lako. Mama mmoja wa nyumba ya pili ameniuliza kama nimewahi kuusikia wimbo huo. Nikamjibu kwamba nimewahi.

Juzi alinijia mtangazaji mwenyewe. Mtu mzima, ana tumbo na ana adabu, alivua kofia mlangoni. Kuna aliyemwambia kwamba Teddy Lufira, ndivyo ulivyojiita jukwaani, ana dada hapa Bel-Air. Akakaa kwenye kiti changu kizuri, akanywa chai yangu, kisha akasema, "Mama, pole sana. Tata Teddy alikuwa muntu mukubwa. Ile wimbo yake njo ilikuwa ya kwanza mu muji yote, wiki na wiki, hakuna mwenye aliishinda. Siku ya Mungu tutafanya kilio yake mu salle ya paroisse. Tunaomba weye dada yake utuambie: ile wimbo, unaionaka namna gani? Iko na valeur gani?"

Nilimwambia thamani yake nitaisema Jumapili, pale ukumbi wa parokia, mbele ya watu. Akafurahi, akaomba na picha yako ya utotoni. Nikasema sina. Ninayo, lakini yumo kaka yetu Ilunga na yumo mama, na hao si wa kubandikwa ukutani chini ya jina la Teddy Lufira.

Basi wewe utaisikia hukumu yangu kabla yao, maana wimbo ni kazi yako. Usiseme nina wivu. Nimeimba sauti ya pili katika kwaya ya parokia karibu maisha yangu yote. Wimbo unaosimama naujua, na unaochechemea naujua. Nimekaa na redio wiki nzima, nimeusikiliza wako kama mtu anayechambua mchele, na tuanze mwanzo wa diski.

Kabla hujafungua kinywa upo ule mdundo: mzito mara moja, mwepesi mara mbili, kimya kidogo, ndipo gitaa linaingia. Mtangazaji anasema uliutoa Amerika. Anasema ulikuwa ukishinda kwenye sinema ukiwatazama wazungu wa roki, ndipo ukaupata. Kweli sinema ulishinda, na mafuta ya nywele ulimaliza ya nyumba nzima. Lakini mdundo huo uliutoa nyumbani kwetu mtaa wa Katuba, kwenye meza ya mama.

Unakumbuka tulivyokua katika vilio vya watu? Enzi zile mji ukiitwa Elisabethville, akifa mtu wa Kasai popote, walikuja kumwita mama yetu amfanyie kasala. Wasioijua nawaambia: kasala ni kumwita mtu kwa majina yake, na jina la baba yake, na maji ya kwao, yaani mto wa ukoo wake. Aliye hai unamsifu ili asimame wima. Aliyekufa unamsindikiza, ili kule aendako wajue ni mwana wa nani wampokee. Mama alitangulia na sisi watatu nyuma: Ilunga mkubwa wetu, mimi katikati, na wewe kitinda mimba ukiburuza ndoo yako ya bati uliyopenda kuipiga. Wenzetu walicheza mpira. Sisi tulikula bukari ya matanga na kulala kwenye mikeka ya watu.

Baba yetu Kabeya alikuja hapa kwa kazi ya reli, akafa wewe ukiwa unatambaa. Ilunga alirithi baiskeli yake. Mimi nilirithi miguu yake mikubwa, kila mtu aliniambia. Wewe hukumkumbuka hata uso, kwa hiyo kwako hakuwa na kitu kingine ila jina.

Mama aliisikia sauti yako mapema. Mimi alinipa kazi ya kuitikia. Wewe alikufundisha kuita. Alikukalisha kwenye kigoda akipika sombe ya majani ya muhogo, akakurudisha mwanzo tena na tena. "Weye Kalala, sauti unaweza kugeuza," alikuwa akikwambia. "Masifu unaweza kuongeza. Hata unapenda kurukaruka, rukaruka. Lakini baba na mayi, ile usiguse. Ile njo adresi ya muntu. Ukimupa adresi haiko yake, atabisha ku mulango ya bengine na batamufukuza."

Ulikuwa mtoto mcheshi. Hilo nalisema nisije nikawa mwongo katika barua yangu mwenyewe. Siku moja ulimfanyia kasala jogoo wa jirani aliyekuwa anasubiri kisu. Ukamtaja baba yake jogoo, ukamtaja babu yake, ukataja na banda alikozaliwa, mkono juu kama mama. Jirani alicheka mpaka akakaa chini, na siku ile jogoo hakuchinjwa. Mama naye alicheka, kisha akakuonya usiwafanyie wafu mchezo. Ukamjibu, "Lakini mama, yeye hajakufa." Tulikupenda sana, Kalala. Ilunga alikubeba kwenye ile baiskeli mpaka ulipokuwa mkubwa kiasi cha kuburuza miguu chini.

Kisha ukaja uhuru, na siku chache tu baadaye Katanga ikajitenga, na sisi watu wa Kasai tuliozaliwa hapa tukaambiwa kwamba hapa si kwetu. Watu tuliochota nao maji bomba moja wakaanza kuhesabu nani ni wa wapi. Njiani mtu akasimamishwa aulizwe: weye mwana wa nani?

Ilunga alisimamishwa akitoka gereji, jioni jua likiwa bado liko, na mafundi wenzake wawili wa kwetu. Vijana walikuwa wameweka gogo barabarani. Wenzake wakataja majina ya kuazima, wakaachwa wapite, na ndio waliotuletea habari. Ilunga angepita kirahisi kuliko wote, maana jina lake hata watu wa Katanga wanaitana. Hakuwa na haja ya uongo, angenyamaza tu baada ya jina. Walipomuuliza baba akajibu, "Miye ni mwana wa Kabeya, muntu wa Lubilanji." Lubilanji ni mto wetu wa Kasai, nao waliujua. Alisema hivyo kwa sababu ndivyo alivyofundishwa kusema tangu akiwa mdogo. Hatukuiona tena baiskeli. Mwili tuliletewa kesho yake kwenye mkokoteni.

Hakukuwa na kilio. Nani angethubutu kukusanyika? Tulifunga madirisha mchana kweupe, tukabaki wanne ndani, watatu wazima na mmoja amelala. Ngoma haikuwezekana. Mama akashika shati la Ilunga, akaanza kasala kwa sauti ya chini, na wewe mezani ukampigia kwa vidole viwili, mzito mara moja, mwepesi mara mbili, kisha ukanyamaza, na kwenye ule unyamavu mama akaweka jina. Kila mara ulimwachia nafasi na kila mara aliijaza. Sijapata kusikia tena watu wawili wakisikilizana vile, na katika kwaya nimekaa muda mrefu.

Huo ndio mdundo wa Amerika. Kwenye diski nafasi ya jina umeijaza gitaa. Ni gitaa zuri, linauma. Nakubali.

Sauti nayo niihukumu kwa haki. Pale unapoita "Ilunga eh" mara tatu ukipanda, ya tatu inakatika kidogo katikati, na watu wanapiga makofi redioni kwa ufundi huo. Si ufundi. Mama alikatika palepale, kwenye jina la tatu, pumzi ilimwishia, nawe ukaihifadhi hata pumzi yake, ukaenda kuiimba mbele ya kipaza sauti, kwenye chumba cha nyuma cha duka la Mgiriki. Kama ni kuimba tu, mdogo wangu, hakuna mtoto wa mji huu aliyekupita. Nakupa alama zote ulizotaka.

Halafu unafika mahali unaimba: "Ilunga eh, mwana wa Lufira, njoo tucheze."

Mama alisema: "Ilunga wa Kabeya, mwana wa mayi ya Lubilanji, nenda ufike."

Na Lufira sina ugomvi. Ni mto mzuri wa hapa Katanga, nimeuvuka, nimekula samaki wake. Lakini una wenyewe, na wenyewe wana wafu wao. Ulipojibandika jina la Teddy Lufira ili watu wakudhanie wa hapa, sikukulaumu. Ulitaka kuishi, na nani asiyetaka? Ungejiita hata Teddy Kijiko ningekuitika. Ungeimba habari za viatu, za wasichana, za mvua. Mji ule ulikuwa na njaa ya kucheza, ungewachezesha kwa lolote, maana kipaji ulikuwa nacho. Wewe ukamchukua mtu aliyeuawa kwa kulitaja jina la baba, ukalitoa jina la baba, ukawapa wacheze walewale waliomuuliza. Nimejaribu kuliona hilo kwa upande wako. Nimezeeka nikijaribu.

Sisi wakati huo tulikuwa kambini. Tulikimbia Katuba na magodoro mawili na sufuria, tukaingia kwenye kambi ya wakimbizi wa kwetu pembeni ya mji, mahema na maboksi na mabati yaliyookotwa, huku askari wa Umoja wa Mataifa wakitulinda. Wewe ulisema utatufuata. Ukasema una marafiki mjini watakaokuficha kidogo. Mama akakupa blanketi lake.

Jirani wa hema la pembeni alikuwa na transista, ameitundika kwenye nguzo ili kila mtu asikie habari. Siku ile baada ya habari wakapiga nyimbo. Mama alikuwa anachambua maharagwe. Vidole vyako alivijua kabla hujaanza kuimba, akainua kichwa. "Ule ni mutoto yangu," akawaambia majirani, akatabasamu. Hilo tabasamu ndilo sijakusamehe. Alifurahi kwanza. Alidhani umepata njia ya kumlilia kaka yako kwa sauti, mbele ya mji mzima, sisi tuliomlilia dirisha likiwa limefungwa.

Kisha ukasema Lufira.

Aliweka ungo chini. "Anamutuma wapi?" akaniuliza. "Kule haiko kwabo." Mama akasimama, akaupa mgongo ule mlio wa redio, akapaza sauti kambi nzima ikageuka: "Ilunga, rudi! Baba yako ni Kabeya. Mayi yako ni Lubilanji. Usifwate ile sauti!" Akakaa, akarudi kwenye maharagwe yake. Nikashukuru kwamba limekwisha.

Halikwisha, kwa sababu wimbo ulipendwa. Jumapili watu wa mjini waliuomba kuliko wimbo wowote, ukawa wa kwanza, na ukiwa wa kwanza ndipo wakaupiga zaidi. Kila ulipopigwa mama alisimama. Kwenye foleni ya maji alisimama, hata kama amekwisha simama, alitoka kwenye mstari ili aonekane amesimama kwa kazi hiyo. Kwenye foleni ya unga alisimama na bakuli mkononi. Transista zilikuwa nyingi kambini, hii ikimaliza ile inaanza, na yeye huku na huku kama mtu anayefukuza kuku shambani. Kwake halikuwa jambo la kubishana. Mwana wake anaitwa aende kusiko kwao, na redio haichoki, basi na yeye asichoke.

Mwanzoni mama wazee waliitikia pamoja naye. Baadaye wakachoka, nisiwalaumu, kila mtu alikuwa na wafu wake. Vijana wetu wenyewe, watoto wa Kasai waliofukuzwa kama sisi, wakaanza kuucheza kati ya mahema, wakipiga magoti kama wewe. Mmoja akamwambia, kwa heshima kabisa, "Mama, acha basi kidogo, tusikie guitare." Mama hakumkasirikia. Alimwomba anyamazishe tu pale penye Lufira, halafu aendelee. Kijana akacheka, akadhani ni utani.

Kila aliyekupenda katika mji huu alimchosha mama yako. Sijui kama kuna mwimbaji mwingine wa kusemwa hivyo. Ile sauti iliyokuwa ikivuka mitaa ya Katuba ikaanza kukwaruza, ikawa mnong'ono, na mwisho akawa anasimama midomo inacheza bila kitu kutoka. Mtangazaji anasema wiki na wiki hakuna aliyeushinda wimbo wako. Ni kweli. Mama alijaribu.

Ulikuja mara moja tu. Ulisimama nje ya waya wa kambi, viatu vya ncha, nywele zinang'aa, gari la mtu linakusubiri na injini haijazimwa. Ulikuwa umeleta makopo ya maziwa. Nilipokuja mbio nikijifuta mikono, nilikuwa bado nina moyo wa dada. Ukaniita kwa lile neno letu la dada mkubwa, "Yaya, mama iko muzima?"

"Ingia umwone mwenyewe. Iko pale, hema ya tatu."

"Siwezi, yaya. Bantu bakiniona ndani ya camp, njo mwisho yangu."

Nikakueleza yote, kusimama kwake, sauti yake. Ulisikiliza ukitazama viatu. Nikakuomba jambo dogo, na leo nalirudia kwa sababu ulijua lilivyokuwa dogo. Sikukuomba urudi. Sikukuomba useme Kabeya redioni wakuue kama Ilunga. Nilisema, "Iimbe tena bila Lufira. Acha pale patupu, piga guitare tu. Mama ataingiza jina yeye mwenyewe."

Ukatikisa kichwa. "Bila Lufira redio haitaipiga. Ile Lufira njo bantu banapenda, yaya, banasikia sawa ni wimbo yabo. Na sasa ni mambo ya rock. Bantu banataka kucheza, habataki kulia."

"Na Ilunga?"

"Ilunga amekwisha kufa. Ni miziki tu, yaya."

Hema la tatu. Ungeweza kumwita kutoka pale ulipokuwa umesimama. Ulipitisha makopo kwenye waya, ukanishika vidole, ukaondoka. Maziwa niliyagawa kwa wenye watoto. Mama nilimwambia yametoka kwa masista, na ninadhani alijua, kwa sababu hakuuliza masista gani.

Baadaye tukapakiwa kwenye treni tukapelekwa Kasai, nchi ambayo mimi sikuwahi kuiona na ambayo mama aliiacha akiwa msichana. Pale kijijini hapakuwa na transista hata moja. Wengine walilia kukosa habari. Mama alilala siku mbili mfululizo. Alipoamka akaniomba nimpeleke kwenye maji, kwenye Lubilanji yenyewe, akaingia mpaka magotini, na kwa sababu sauti haikuwapo tena alininong'oneza sikioni, mimi nikapaza. Hivyo ndivyo mwitikiaji alivyogeuka mwitaji, bila kufundishwa, na kwa sauti ya pili. Nilimwita Ilunga vibaya, nikachelewa pale pa kupanda, nikakata pasipo mahali pake. Mama alitikisa kichwa kama ulivyokuwa ukifanya wewe nikikosea. Kisha akasema inatosha, Ilunga atasikia.

Hakukaa sana baada ya hapo. Kabla ya kufa alinishika mkono akasema kwa ule mnong'ono, "Kalala akikufa kabla yako, weye njo utamuita."

Nikasema siwezi. Nikasema wengine watamwita, watu wake wa diski, wazungu wake.

"Banajua baba yake? Banajua mayi yake?" Akapumzika. "Umupe adresi yote. Yeye aliikata, lakini haiko ya kwake ya kukata."

Nilimwitikia, kwa sababu mama akifa hubishani naye. Lakini tangu siku ile nimemwomba Mungu nife kabla yako, ili kazi hii iwaangukie wengine. Katanga ya kujitenga ikaanguka, na Teddy Lufira akaenda zake Ulaya, na tukasikia anapiga gitaa kwenye mahoteli watu wakila. Mimi nikaolewa, nikarudi Lubumbashi na mume wangu, tukajenga hapa, nikazaa, nikazika. Hukuandika. Sikukutafuta. Nilifikiri tutamaliza hivyo, kila mtu upande wake. Na wewe, kama kawaida yako, umetangulia kuondoka ukaniachia mimi kazi ya nyumbani.

Ninakuchukia, Kalala. Nimelitafuta neno la parokia la kuweka mahali pake, sijaliona. Nakuchukia kwa sababu ya ule mnong'ono. Nakuchukia kwa sababu wimbo ni mzuri. Ungekuwa mbaya mji ungeusahau kwa wiki moja na mama angepumzika. Na leo asubuhi, redio ilipoanza, mkono wangu huu mzee ukagonga meza: mzito mara moja, mwepesi mara mbili. Nikauzuia kwa mkono wa pili. Nikakaa hivyo nimejishika mpaka ulipokwisha, nalia, na sijui nilikuwa namlilia nani kati yenu.

Jumapili nitakwenda. Nitavaa kikwembe changu cheusi, nitakaa mbele waliponiandalia, na wataupiga wimbo, na watasimama wacheze kidogo kwa heshima ya staa. Sitawazuia. Ukifika pale pa Lufira nitasimama kama alivyosimama mama, nami nina kipaza sauti, yeye hakuwa nacho. Yule mtangazaji akiuliza wimbo una thamani gani nitamwambia: Ni wimbo mzuri, baba. Ila haujaisha.

Kisha nitaumaliza. Nitamwita kwanza Ilunga, maana yeye ametangulia na yeye alilipia: Ilunga wa Kabeya, mwana wa maji ya Lubilanji. Nyuma yake nitakuita wewe. Si Teddy, na wala si mwana wa Lufira. Kalala wa Kabeya, mwana wa maji ya Lubilanji, mdogo wake Ilunga. Wote watasikia, na waliokupigia makofi watajua walikuwa wakimpigia nani. Masifu sitatia hata moja. Kasala yako itakuwa fupi kuliko diski yako, lakini adresi itakuwa kamili, na mlango hutaukosa.

Hilo ndilo ninaloweza kukufanyia. Mengine yako. Nenda ufike, Kalala. Mama yuko mlangoni, na huko aliko nina hakika sauti yake imekwisha rudi.

Ni mimi, yaya yako,
binti wa Kabeya